Tunamcheka Nani? Lafudhi, Malezi na Deni Letu Wanakiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu methali hii huitumia tunapozungumzia adabu, bidii ya kazi na heshima kwa wakubwa. Ni nadra kuitumia tunapozungumzia ulimi. Ilhali hakuna kiungo cha mwili kinachohifadhi alama za malezi kwa uaminifu kuliko ulimi. Mtu aweza kubadilisha mavazi, jina, dini na hata uraia. Lakini afunguapo kinywa, kijiji alichokulia, mama aliyemlea na mwalimu aliyemfunza kusoma hujitokeza wote bila kualikwa.

Nimesukumwa kuandika makala hii na tukio moja la siku zangu za shahada ya kwanza. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili nilichokuwa mwanachama wake kiliandaa jioni ya kughani mashairi. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekulia kijijini karibu na Ziwa Viktoria, alipanda jukwaani, akatuamkua kwa heshima, kisha akasema, "Naomba kuwasomea sairi langu." Ukumbi uliangua kicheko. Sauti kutoka nyuma ikamjibu, "Soma sairi, dada!" Alisoma ubeti wa kwanza, akaukimbiza wa pili, akakunja karatasi yake na kurejea kitini. Hatukumwona tena katika mikutano yetu. Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Si mimi niliyemjibu, lakini nilicheka.

Juma lililofuata nilikabidhiwa mashairi ya jioni ile ili niyachague ya kubandikwa kwenye ubao wa chama. Nikalikuta lake. Lilikuwa na beti saba, kila mshororo mizani kumi na sita, na kina cha mwisho kilikuwa -sha tangu mwanzo hadi tamati. Hapakuwa na "sh" hata moja iliyokosa mahali pake. Alichokijua kwa kalamu, kinywa chake hakikuwa kimefunzwa kukitamka. Hapo ndipo kicheko changu kiliponigeukia.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Sisi tunaojiita wapenzi wa Kiswahili humwadhibu mtu kwa somo ambalo hatukumfundisha. Tumeacha kufundisha matamshi, na mahali pa mafunzo tumeweka kicheko.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Lafudhi ni namna ya utamkaji inayomtambulisha msemaji na mahali alikotoka: mdundo wake, kupanda na kushuka kwa sauti yake, uzito anaoipa silabi fulani. Kila binadamu anayo. Kosa la kimatamshi ni jambo jingine. Hutokea pale sauti moja inapochukua nafasi ya nyingine hata maana ikapotoka. Anayekusudia mahali akasema "mahari" amehama kutoka penye kitu na kuingia katika posa. Anayetangaza "sindano la insha" ametuonyesha uzi na kitambaa pale tulipotarajia washindani. Anayetaka koti akaomba "goti" hana budi kueleza zaidi. Makosa haya yapo, nami sidai kuwa tuyafumbie macho. Ninachodai ni kuwa tumeiita kila lafudhi kosa, na kila kosa tumelifanya mzaha. Vijana wa leo wana neno lao, wanasema fulani "anashrabu", na neno hilo hutupwa pasipo kubagua aliyepotosha maana na aliyetamka tu kama watu wa kwao.

Malezi na masikio

Ulimi huanza kulelewa mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vilio vya watoto wachanga 60 wenye umri wa siku chache tu, nusu wakiwa wamezaliwa na wazazi wanaosema Kifaransa na nusu na wazazi wanaosema Kijerumani. Vilio vya watoto wa Kifaransa vilielekea kupanda, vya watoto wa Kijerumani vikaelekea kushuka, sawa na mikondo ya sauti katika lugha za mama zao. Maana yake ni kwamba mtoto huanza kulisikia pendo la sauti ya kwao angali tumboni.

Yaliyogunduliwa kuhusu r na l yanatuhusu zaidi. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka wa 2006 kwamba watoto wa Marekani na wa Japani wenye umri wa miezi 6 hadi 8 hutofautisha sauti hizo mbili kwa kiwango kinachokaribiana. Wafikapo miezi 10 hadi 12, uwezo wa mtoto wa Marekani huwa umeongezeka na wa mtoto wa Japani umepungua, kwa kuwa Kijapani hakizitenganishi. Sikio limekwisha kujifunza lipi la kulisikiliza na lipi la kulipuuza. Mtoto huyo hajasema neno, hajaingia darasani, na tayari msingi wa lafudhi yake umewekwa.

Sasa tuirudie Kenya. Kikuyu hakina l katika alfabeti yake, bali kina r. Kikamba kina l lakini r si sauti yake ya asili. Majirani hawa wawili, ambao lugha zao ni ndugu wa damu, hukipokea Kiswahili kwa milango inayotazamana: mmoja huelekea kusema "rara", mwingine "balabala". Dholuo ina s lakini haina sh wala z. Katika Kikalenjini, kutofautisha p na b, t na d, au k na g hakubadilishi maana ya neno, kwa hivyo sikio lililolelewa humo halina sababu ya kuyajali. Kisomali nacho hakina p. Haya si madoido ya makabila. Ni hesabu ya sauti ambazo kila lugha imeziweka ghalani. Mja hutoa alichonacho. Anapokutana na sauti ambayo ghala lake halina, huchukua iliyo karibu nayo kabisa, na ukichunguza utaona huchagua kwa busara. Sauti sh na s ni vikwamizo vyote, sighuna vyote, vilivyotengana kidogo tu kinywani. Hakuna aliyewahi kuchukua m badala ya sh.

Nazungumza kama mmoja wao. Nililelewa kwenye miteremko ya Nyandarua, katika nyumba ambamo l na r zilikuwa kitu kimoja. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu alitusomea imla. Alitamka "karamu", nasi tukaandika karamu. Tuliporudishiwa madaftari tulikuta alama nyekundu: neno lilikuwa kalamu. Mwalimu hakuwa mwovu. Naye alilelewa kwenye mteremko uo huo, akafunzwa na mwalimu wa mteremko uo huo. Lakini darasa zima lilikosa neno kwa sababu liliandika kwa uaminifu lilichokisikia. Ukitaka kuielewa hali ya matamshi ya Kiswahili nchini, ianzie kwenye imla ile: mnyororo wa watu wasiofunzwa wakiwasahihisha watu wasiofunzwa.

Si damu

Wapo watakaodhani kuwa nimesema lafudhi ni ya kabila. La hasha. Lafudhi ni ya malezi. Mtoto wa Mkikuyu aliyezaliwa na kukulia Mombasa, akacheza na watoto wa Majengo na Mji wa Kale, hutamka l na r bila shida. Mtoto wa Mluo aliyelelewa Eastlands jijini Nairobi husema "shule" na "shida" kama wenzake wa mtaa, na lafudhi yake ni ile ya Nairobi, ambayo nayo ni lafudhi licha ya wenyewe kudhani kuwa hawana.

Ushahidi mzuri kuliko wote tuliutazama kwenye runinga kwa miaka mingi. Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi katika KBC, ambaye lafudhi yake ya Kiluo ilijulikana nchi nzima, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyefariki mwaka wa 2015. Watazamaji wengi walishangaa walipolijua jina lake halisi. Alikuwa amesikiliza kwa makini hata akaumiliki mdundo usiokuwa wa kwao. Ikiwa mtu mzima aweza kujifunza lafudhi ya jirani kwa ajili ya sanaa, basi aweza pia kujifunza sauti ya Kiswahili kwa ajili ya elimu, mradi apate wa kumfunza na nia ya kujifunza. Wanaosema "ulimi wa watu fulani ni mzito" wamekosea mara mbili. Wamelibebesha kabila kitu cha malezi, na wamekifanya cha kudumu kitu kinachoweza kufunzwa.

Nani asiye na lafudhi?

Hoja inayorudiwa sana kumbini mwetu ni kuwa tunalinda usanifu. Tuitazame hoja hii bila woga. Kiswahili Sanifu hakikuteremka kutoka mbinguni. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Tazama kinaya kilichopo: ni katika mji wa Mombasa kwenyewe ambako Kimvita kiliachwa nje. Tangu hapo, aliyelelewa kusema "ndoo" kwa maana ya njoo, "ndia" kwa maana ya njia, na "mato" kwa maana ya macho, alianza kuandikiwa makosa darasani katika lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa. Muyaka bin Haji, ambaye sote humwita mhenga wa ushairi na kumtaja kila tuandikapo insha za fasihi, alikuwa mtu wa Mombasa wa Kimvita. Je, angepanda jukwaa letu jioni ile akaghani kwa sauti za kwao, safu ya nyuma ingenyamaza?

Isitoshe, msemaji wa Kimvita ana haki ya kutucheka sisi. Katika kinywa chake, paa wa mwituni na paa la nyumba hayatamkwi sawa, kwa kuwa p ya kwanza huandamana na mpumuo. Kaa wa baharini na kaa la moto vivyo hivyo. Kadhalika lahaja yake hutenganisha t ya menoni na t ya ufizini. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hizi, na wengi wetu wa bara hatuzisikii kabisa. Tumezifumba sauti mbili zikawa moja, jambo lile lile tunalomcheka nalo anayefumba l na r. Tofauti ni kwamba kufumba kwetu kumeandikwa vitabuni. Nyani haoni kundule.

Tukienda mbali zaidi, tutaona kuwa Kiswahili chenyewe kimejengwa na lafudhi. Neno habari lilitoka katika Kiarabu likiwa na kh, nasi tukalilainisha. Schule ya Wajerumani ikapewa irabu iliyo wazi na kuwa shule. Hata neno lafudhi asili yake ni Kiarabu, na Mwarabu akitusikia tukilitamka atajua mara moja kuwa halikukulia kwao. Wazee wetu walichukua maneno ya wageni wakayatamka kadiri malezi ya ndimi zao yalivyowaruhusu, na matunda yake leo tunayaita ufasaha. Kilichokuwa lafudhi kwa babu kimekuwa sarufi kwa mjukuu.

Bei ya lafudhi

Lafudhi zote zingekuwa zinachekwa kwa usawa, labda ningenyamaza. Lakini sivyo. Yuko mwanafunzi aliyelelewa katika shule za gharama kubwa za jijini, ambaye husema Kiswahili kwa ulimi uliopindwa na Kiingereza. R yake haigongi ufizi, "t" yake ina mpumuo pasipohitajika, na sentensi yake hupanda mwishoni hata asipouliza swali. Kwa mizani ya Kiswahili, huyu amepotoka sawa na yule wa kijijini. Je, tunamcheka? Hapana. Tunamwita msomi. Vituo kadhaa vya redio humpa kipaza sauti. Atokaye Nyeri, Bondo au Kapsabet na athari ya lugha ya mama huitwa mshamba, na atokaye shule ya kifahari na athari ya Kiingereza huitwa mstaarabu. Kumbe kinachopimwa si matamshi. Kinachopimwa ni tabaka.

Jambo hili si la Kenya pekee. Katika miaka ya 1960, mwanaisimu William Labov aliwachunguza wauzaji katika maduka matatu makubwa ya New York, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1966 akaonyesha kwamba kadiri duka lilivyokuwa la watu wenye hadhi, ndivyo wauzaji wake walivyozidi kuitamka r iliyo mwishoni mwa silabi. Kule Uingereza mambo ni kinyume: lafudhi yenye hadhi ndiyo inayoiacha r hiyo hiyo. Sauti ni ile ile, ng'ambo moja ya bahari ni fahari, ng'ambo ya pili ni ushamba. Sauti yenyewe haina thamani. Thamani hutolewa na wenye nafasi.

Kivuko cha Yordani

Pengine msomaji atasema kuwa nimelikuza jambo dogo, kwamba kicheko hakiui. Naomba tukumbuke kisa kilichomo katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Waefraimu hawakuwa na sh. Walisema Sibolethi, na kwa ajili ya sauti hiyo moja walichinjwa, idadi yao ikitajwa kuwa elfu arobaini na mbili. Kila nilisomapo kisa hiki humkumbuka yule dada na sairi lake. Sauti ni ile ile.

Nasi hatuwezi kujifanya wageni wa vivuko. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Katika majuma yale, jina la mtu na lugha aliyoisema vilitosha kumpa mtu rafiki au adui. Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka wa 2008 kwa sababu nchi ilikuwa imeona mwisho wa njia inayoanza kwa dharau. Sisemi kwamba kila anayecheka lafudhi ana panga nyumbani. Nasema kwamba kicheko hufunza sikio kazi mbaya. Humfunza msikilizaji kumpambanua mtu kwa kabila kabla ya kusikia alichosema. Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka wa 2010 inakitaja katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa, kilikusudiwa kuwa daraja. Tukikifanya kivuko cha kuulizana Shibolethi, tumekisaliti.

Je, tuyaache makosa?

Yuko mwenzangu mmoja aliyeisoma rasimu ya makala hii akanipinga kwa haki. Aliniuliza, "Mwalimu wa Kiswahili anayesema 'sule' atawafunza nini watoto?" Swali lake ni zito na halijibiwi kwa huruma. Jibu langu ni kwamba mwalimu wa Kiswahili, mtangazaji na mwigizaji wana wajibu wa kuzimiliki sauti zote za lugha wanayoitumikia. Lakini wajibu huo una upande wa pili: aliyewafundisha alikuwa na wajibu wa kuwafunza. Na hapa ndipo deni letu lilipo.

Kizazi changu kilitahiniwa Kiswahili katika KCSE kwa karatasi tatu: Insha, Lugha, na Fasihi. Zote ziliandikwa. Katika karatasi ya Lugha tuliweza kuulizwa tueleze sifa za sauti r na l. Mwanafunzi aliyeandika kuwa r ni kimadende na l ni kitambaza alipata alama zote, hata kama hakuwahi katika maisha yake kuzitenganisha kwa kinywa. Tulifuzu nadharia ya kuogelea bila kuguswa na maji. Kisha tukaja chuoni, na siku ya kwanza tuliyofungua vinywa mbele ya watu, tukachekwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umetenga nafasi ya kusikiliza na kuzungumza. Ni hatua njema. Lakini mada kuwamo kitabuni si sawa na mwalimu kuiweza, na walimu hao ndio sisi.

Yapo mambo ambayo twaweza kuyafanya bila kungoja wizara. Kwanza, tufundishe sauti kwa vitendo. Anayetatizwa na b na p aweke vidole kooni atamke bata, kisha pata. Mwanzoni mwa neno la kwanza atausikia mtetemo wa nyuzi za sauti, na mwanzoni mwa la pili hatausikia. Anayetatizwa na l na r aiache ncha ya ulimi igandame kwenye ufizi huku hewa ikipita pembeni, hiyo ni l. Kisha aifanye ncha hiyo hiyo ipigepige ufizi, hiyo ni r. Anayetatizwa na sh aanze na s, aurudishe ulimi nyuma kidogo na kuisukuma midomo mbele. Hizi ni kazi za dakika kumi kila siku, na mimi mwenyewe nilipona "rara" kwa njia hii, chumbani, nikiwa na kioo na orodha ya maneno.

Pili, tuvirudishe vitanzandimi na usomaji wa sauti mahali pake. Bibi zetu waliwapa watoto vitanzandimi kwa sababu walijua kuwa mtoto huogopa kukosolewa lakini haogopi mchezo. Katika kitanzandimi kila mtu huteleza, wa pwani na wa bara, na kicheko kinakuwa cha wote. Tatu, tusahihishe faraghani, tena pale tu maana inapopotoka. Mtu anayesema Kiswahili chenye mdundo wa kwao, na akaeleweka, hana kosa la kusahihishwa. Nne, vyama vyetu viache kugawa nafasi za uigizaji na utangazaji kwa kuuliza fulani ametoka wapi. Apewe anayeweza, na asiyeweza apewe mazoezi.

Hitimisho

Kiswahili kimekwisha kuvuka mipaka yetu. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka wa 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Tunashangilia habari hizi kila mwaka. Lakini lugha ikikua, huongeza lafudhi. Kuna watu wa Kampala, Bujumbura na Lubumbashi ambao tayari wanakisema kwa midundo yao, na wengine wengi wanakuja. Ikiwa hatuwezi kuustahimili ulimi wa dada aliyetoka kando ya ziwa letu wenyewe, tutampokeaje anayetoka mbali zaidi? Asiyetaka kusikia lafudhi anataka Kiswahili kibaki kijiji kimoja.

Methali niliyoanza nayo ina makali mawili. Ikiwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi hakuna anayestahili lawama kwa sauti aliyoikuta nyumbani, wala hakuna anayestahili sifa kwa hiyo. Lakini darasa nalo ni malezi. Chama nacho ni malezi. Mwanafunzi aliyekuja kwetu na sh moja pungufu alikuwa amekuja kulelewa, nasi tukamfukuza.

Shairi lake nililibandika kwenye ubao, mahali pa juu. Sijui kama alipita akaliona. Hakukuwa na kosa lolote ndani yake. Kosa lilikuwa ukumbini, nami nilikuwa mmoja wa waliolitenda.